Bibi wa Pangani

Alhamisi, 26 Juni

Nimetoka zamu ya kuoka mikate. Miguu imevimba. Nje joto, ndani joto, na feni ya chumbani imekufa. Riziki kapiga simu: Jumamosi wamempangia kazi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nimtembeze baba yake mjini peke yangu. Mzee amekuja huku ughaibuni kutoka Bukavu kumwona binti yake, na Jumatatu anaenda Paris kwa mwanawe mwingine. Mpaka leo hajasema kama naruhusiwa kuleta posa. Nikigusia tu, anaanza kuzungumzia hali ya hewa. Naogopa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimenyoa. Nimepiga pasi shati. Riziki ameniagiza: mwite Papa, usitembee mbele yake, usimbishie mambo ya mpira.

Jumamosi, 28 Juni

Nilimkuta mlangoni kwa Riziki, mtaani Matonge, kavaa suti nzito na tai. Nikamwambia jua ni kali. Akasema mwalimu hatembei na fulana, hata akistaafu. Haya.

Tulishuka kwa miguu hadi uwanja wa Grand-Place, katikati ya mji. Mawe yalikuwa yanachoma kupitia soli. Alitaka picha mbele ya kila mlango, na kila picha aliikagua. Kwenye ile sanamu ya mtoto anayekojoa alipenya katikati ya watalii, akatazama, akanigeukia: "Njo aka kamutoto tu?" Yaani ndiyo haka katoto tu? Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Hapo nikampenda kabisa.

Kisha akataka kuona jumba la mfalme. Kilima chote, jua la utosi, mzee mbele, mimi nyuma na mifuko yake, natweta. Alisimama nje ya uzio muda mrefu. "Bon," akasema, yaani haya, "tunajua nani alilipa. Wazee wetu." Tukaenda kukaa bustanini, kivulini. Nikanunua maji baridi.

Akaniuliza kwetu niko na nani. Nilijua ndiyo yenyewe hiyo. Nikajibu vizuri, kwa adabu: wazazi walishafariki, nina bibi yangu tu, yuko Pangani, namtunza mimi. Riziki akishaolewa tutakwenda kukaa naye likizo.

"Bibi yako? Na Riziki anajua?"

Anajua sana, nikasema. Wanaongea kwenye simu. Wanapendana.

Akasimama. Maji hakumaliza. Njia nzima hadi Matonge alinitangulia hatua kumi, na mkono hakunipa. Nadhani jua limempiga. Mimi pia kichwa kinagonga.

Jumapili, 29 Juni

Riziki hakupokea simu asubuhi yote. Mchana akaandika: Papa amekataa, hasemi sababu, umemfanya nini?

Sijamfanya kitu! Nimeipitia siku nzima ya jana, hatua kwa hatua. Labda nilicheka sana pale kwenye sanamu. Labda maji yalikuwa ya bei rahisi. Nina hasira. Nimebeba mifuko ya mzee juani kama punda, halafu hivi. Sijala.

Jioni Riziki kapiga. Anacheka, analia, sikujua kipi ni kipi. Baba yake hatimaye alifoka: "Mutu ako na bibi kwabo, na wewe unacheka naye kwa simu!"

Kwao bibi ni mke. Mama wa mama yako unamwita koko. Kumbe nimekaa bustanini nikamweleza mzee wa watu kwamba nina mke Pangani, namtunza, na binti yake nitampeleka akakae naye. Nimeingia choo cha kike kwa miguu yangu mwenyewe.

Sikucheka. Riziki kamweleza baba yake, naye kajibu "bon," kaenda kulala. Hiyo bon ndiyo nini?

Jumatatu, 30 Juni

Stesheni ya Gare du Midi, mimi na Riziki tumemsindikiza. Joto lile lile. Mzee hakuomba radhi, wala sikutegemea. Jukwaani akasema: "Alors, nipatie huyo koko yako."

Nikampigia Bibi, nikaweka spika, nikampa simu. Masikio ya Bibi ni mazito. Mzee akapaza sauti: "Mimi ni papa ya Riziki!"

Bibi naye, stesheni nzima ikamsikia: "Papa sili siku hizi, baba, meno yameisha. Una dagaa?"

Mzee akanitazama. Nikamweleza: kwetu papa ni samaki, yule mkubwa wa baharini, na Bibi anadhani anauziwa. Mzee akainamia sanduku lake. Nilidhani anaumwa. Anacheka, machozi yanamtoka.

Alipopata pumzi akaongea polepole, kama darasani. "Baba. Baba ya Riziki. Mutume batu Bukavu. Tutabapokea."

Kisha Bibi, kwa sauti ndogo, akaliita jina langu. Akauliza, "Wamekubali?"

Nikamgeukia Riziki. Riziki ndiye aliyemjibu.