Kidole cha Zambarau

Jumatatu, 28 Oktoba 1996

Posta tena. Hakuna kitu. Yule mama wa dirishani siku hizi hata hainuki kwenye kiti, ananiona mlangoni na kutikisa kichwa. Regina alijibiwa tangu Septemba! Tulifanya usaili siku moja, benchi moja, chapati moja tukaigawana. Yeye kakubaliwa chuo cha uuguzi. Mimi kimya.

Na kibaya zaidi, gauni lake jeupe la uuguzi linashonwa humu humu ndani. Mama mdogo Dorotea ndiye fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Ujiji, angemkatalia vipi? Kitambaa changu kiko juu ya kabati, kimekunjwa. Baba alikinunua kwa pesa za kahawa yake huko kijijini Kalinzi, akamkabidhi mama mdogo na kusema kisikatwe mpaka mimi Scola niitwe chuoni. Hakijakatwa. Leo nimempigia Regina kola yake pasi. Na nimeipiga vizuri, mjinga mimi.

Ziwa limetulia. Milima ya Zaire inaonekana yote, mpaka makunyanzi yake. Redio inasema kule Uvira watu wanapigana. Ukiitazama ile milima huwezi kuamini.

Jumatano, 30 Oktoba

Mungu wangu. Wamekuja.

Niliteremka ziwani asubuhi na ndoo zangu, nikaona maboti, nikadhani ni wavuvi wa dagaa wanarudi. Kumbe ni watu. Watu! Maboti yamejaa mpaka maji yanakaribia kuingia. Magodoro, masufuria, mbuzi, mzee kapakata redio utadhani mjukuu. Na hakuna aliyepiga kelele — hilo ndilo lililonishika. Boti moja ina watu kuliko kanisa letu Jumapili, na sauti ni ya injini tu. Sisi tuliokuwa ufukoni nasi tukanyamaza. Tangu darasa la tano, nilipohamia kwa mama mdogo, naliogelea ziwa hili, nalifulia nguo, nalitukana likichafuka. Sikujua kuwa linaweza kubeba nchi nzima mgongoni.

Halafu mtu mmoja akaingia majini na khanga zake akaanza kupokea watoto. Mama mdogo! Anayeogopa hata konokono! Nilimtazama kama simjui.

Watu wa parokia wakaleta uji, nikapewa kata nigawe. Wengi ni Warundi waliokuwa wamekimbilia Zaire miaka ya nyuma, sasa wamekimbia tena. Nawasikia vizuri, Kiha chetu na Kirundi ni ndugu. Nikampelekea bikizee mmoja kikombe. Akakitazama tu, hakukigusa. Ndipo nikakumbuka adabu. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza yeye, mgeni aone kinywaji ni salama. Nikapiga funda moja, nikampa tena. Akapokea kwa mikono miwili, akaniuliza, “Uri umwana wa nde?” Yaani mtoto wa nani. Nikamwambia wa Pastory, Kalinzi. Akasema huyo Pastory amelea.

Jina lake Bibi Leonia. Hii ni mara yake ya tatu kukimbia. Ya kwanza alikuwa na mimba. Alinieleza hivyo huku akifuta kikombe kwa ncha ya kitenge anirudishie kikiwa safi. Nimeshindwa kuliondoa jambo hilo kichwani, kile kikombe.

Posta sikuikumbuka siku nzima.

Ijumaa, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Mwalimu Anatoli, aliyenifundisha baiolojia na kunishawishi niombe uuguzi, alikwenda kuwapigia simu chuoni. Amerudi na kofia mkononi. Nikajua.

Alama zangu hawana shaka nazo. Wana shaka na mimi! Jina la babu linaanza na Nta- kama mengi ya Warundi, nimezaliwa huko milimani upande wa mpakani, Kiswahili changu kina lafudhi. Wakajiuliza huyu ni Mtanzania au Mrundi, wakaniweka pembeni. Ijumaa ijayo watu wa chuo watakuja Kigoma, nifike na mzazi, waniulize wenyewe. Nisipowaridhisha, nafasi yangu anapewa mwingine.

Nilicheka kwanza. Kisha nililia, tena kwa sauti, mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Baba kalima kahawa Kalinzi, na baba yake kazikwa Kalinzi, palepale nyuma ya migomba. Sasa mimi niwe wa wapi?

Mama mdogo amesema nisikanyage tena ufukoni mpaka Ijumaa ipite. Watu wakinisikia naongea na wale kama nimezaliwa nao, watasemaje? Ni kweli. Sitakwenda.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekwenda.

Crispin, kijana anayewaandikisha wageni, katoka Iringa, Kiha hajui hata cha kuombea maji. Amekuja mpaka mlangoni. Dada Scola, tafadhali, wananitazama tu. Mama mdogo akainamia cherehani yake. Hakusema nenda, hakusema usiende. Nikavaa ndala.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefanya jambo. Niandike polepole.

Kila anayehesabiwa huchovya kidole kwenye wino wa zambarau, asije akahesabiwa mara mbili. Leo Bibi Leonia alifika mezani, akaliona lile kopo, akaificha mikono ndani ya kitenge. Hataki. Anasema mara ile ya kwanza waliotiwa alama ndio waliokuja kuchukuliwa na magari. Alilisema bila kupaza sauti, lakini wa nyuma yake walilisikia, na wa nyuma yao. Foleni yote ikasimama. Mama mmoja akaanza kukusanya vyombo vyake. Wengine wakageuka kuyatazama maboti — warudi majini! Crispin jasho linamtoka. Waambie ni wino tu, dada, ni wino tu! Nikawaambia. Nikawaambia tena. Maneno yangu yakaanguka palepale mchangani.

Mkono ndio uliokwenda. Sikuutuma. Kidole cha shahada kikazama kwenye kopo mpaka kiungo cha pili, nikakiinua wakione.

Bibi Leonia akakishika, akakigeuza, akakinusa kabisa. Kisha akacheka, meno yenyewe mawili, akawageukia wenzake na kuwaambia, “Ameonja.”

Akachovya. Na wote wakachovya. Wote! Mmoja mmoja, wazee, akina mama na wachanga migongoni, na kila anayepita ananiinulia kidole chake. Hawanijui. Hawajui hata kama ninajua ninachowaahidi. Wameniamini kwa sababu ya kidole! Nimekwenda misa tangu nikiwa mdogo na sijawahi kuogopa vile, ile hofu nzuri, ya kutaka kupiga magoti. Nilijiona mdogo sana na mkubwa sana kwa pamoja.

Foleni ilipoisha Crispin akanitazama mkono. Dada, wino huo hautoki leo wala kesho, tumeletewa maalumu usitoke.

Ijumaa!! Nimesahau Ijumaa!

Alhamisi, 7 Novemba

Ndimu. Mchanga. Mafuta ya taa. Majivu. Ndimu tena. Ngozi imechubuka, zambarau imezidi kung'aa.

Mama mdogo hakunigombeza, na ndivyo nilivyojua hali ni mbaya. Alinisugua kwa sabuni ya mawese mpaka akachoka, akakaa chini, akasema basi, funga kitambaa, useme umejikata. Akachana pembe ya kitambaa cheupe. Nilidhani kachukua cha Regina. Nikatazama juu ya kabati — ni changu. Kimekatwa, kumbe, kwa kazi hii.

Baba ameshuka kutoka Kalinzi na koti lake la harusi. Amekitazama kidole muda mrefu. “Huyo bibi alichovya?” Nikasema alichovya. “Basi.” Akaomba maji ya kunawa, tukala.

Mwaka jana nilitiwa wino hivihivi nikapiga kura yangu ya kwanza. Nilishinda nikiuonyesha watu mtaani. Wino uleule! Mwaka jana ulisema ni wa hapa, kesho utasema ni wa kule.

Ijumaa, 8 Novemba

Niko kwenye benchi, nje ya darasa waliloazimwa watu wa chuo. Naandika ili mikono ipate kazi. Baba amesimama mwisho wa baraza, hataki kukaa, anaogopa koti litakunjamana.

Wako wawili. Bwana mmoja mwenye tai, na Mama Elinipa, muuguzi mkuu, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, miwani imening'inia kifuani. Walimuuliza baba, akajibu vizuri, mpaka kaburi la babu akalieleza liko wapi. Wakaniuliza mimi shule, walimu, mwenyekiti wa kijiji. Yule bwana akaanza kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Niliona! Nikaanza kupumua.

Ndipo Mama Elinipa akasema nionyeshe mikono. Kumbe huwaangalia wote, kucha, vidonda, muuguzi ni mikono yake. Akakiona kile kitambaa kidoleni. “Umeumia? Fungua tuone.”

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Lakini jeraha langu la uongo nitamwonyesha muuguzi mkuu? Nikafungua.

Yule bwana akaweka kalamu chini. Alizungumza na Mama Elinipa, si na mimi. Huyu ameshahesabiwa kule ufukoni, mama, tunaulizana nini tena?

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, na lafudhi ikanitoka yote, kila nilipoibana ikapenya. Bibi aliogopa, nikasema. Watu walitaka kurudi majini. Na kwetu anayekaribisha huonja kwanza.

“Kwetu wapi?” akauliza yule bwana.

Nikanyoosha mkono dirishani, kwenye ziwa, mji, na milima ya kwenda Kalinzi. Hapa, nikasema. Na kidole kilichonyooka ni kilekile. Sikuwa na kingine cha kuonyeshea.

Wakanitoa nje.

Sauti zinasikika mlangoni. Yake yule bwana naipata vipandevipande — utaratibu, tahadhari, kipindi hiki. Ya Mama Elinipa ni ya chini, siipati. Baba kanigeukia, nikainua mabega, akageuka tena.

Mama Elinipa alitoka sasa hivi! Bilauri ya maji mkononi. Alisimama mbele yangu, nikainuka, nikamwamkia tena bila sababu. Akaipeleka bilauri mdomoni mwake, akapiga funda moja dogo. Kisha akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili.

“Kunywa, mwanangu. Usiondoke.” Akarudi ndani.

Sijui Kilimanjaro nao huonja kwanza, au amelijua leo hii kwangu. Baba aliona. Amevua kofia.

Bado nimeishika bilauri, naandika kwa mkono mmoja. Kiti kimevutwa. Mlango — naitwa, majina yote matatu, mpaka la babu