Kumi na Tisa Kati ya Ishirini na Saba

Ijumaa, 10 Januari 2025. Jeddah

Elkanah amepita!

Amenipigia simu ya video mchana nikikunja nguo za madam ninayemfanyia kazi. Amekonda kidogo – chakula cha Riyadh hakina mkono wa mama. Ati alienda kwa daktari huko Olaya karibu na ofisi yao, akapewa karatasi ya maswali ajaze. Nikamuuliza, umepata ngapi? "Kumi na tisa, Mum. Kati ya ishirini na saba."

Kumi na tisa! Na hakuwa amesoma! Huyu mtoto tangu nasari hajawahi kushika namba mbili ila mara moja tu, na siku hiyo mwalimu alikosea kujumlisha. Nilienda shuleni mwenyewe tukajumlisha upya.

Nikamwambia hongera baba. Akaniangalia kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. "Mum, si mtihani." Halafu mtandao ukakatika. Unyenyekevu huo ni wa babake, si wangu.

Nimeandika kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa. Hongera kumi na nne kabla ya saa kumi! Nekesa anauliza kama injinia wangu anaweza kumfundisha binti yake hesabu kwa simu.

Jumapili, 12 Januari

Aibu. Aibu yenye miguu na mikono.

Achieng wa nyumba ya pili ameniita pale tunapotupa taka. Aliwahi kufagia kliniki kule Kisumu miaka sita, anajua makaratasi kuliko madaktari wenyewe. "Mama Elkanah, ile karatasi si ya akili nyingi. Ni ya huzuni. Wanauliza kama unalala, kama unakula, kama unaona afadhali usingekuwepo duniani. Maksi zikipanda ndiyo mbaya."

Nikamwambia, Achieng, huo ni wivu.

"Wivu wa nini, dada? Mimi mwenyewe nilipata kumi na mbili."

Nikampigia kijana hapo hapo. Nikauliza jambo moja tu. Lile swali la kutokuwepo duniani, uliweka ngapi?

"Sifuri, Mum. Hapo niliweka sifuri."

Sifuri ya kwanza ya mtoto wangu niliyowahi kuishangilia.

Basi akasema yote. Usingizi hauji. Moyo unakimbia akiwa ameketi tu. Ofisini anajifungia chooni dakika kumi, anapumua, anatoka akitabasamu. Miezi saba! Daktari alimwandikia vidonge, lakini hajafungua hata boksi. Anaogopa vitamfanya gogo. Anaogopa ofisi itajua. Na huyu Dancan anayekaa naye nyumba moja amemwambia kuna uyoga wa kutuliza kichwa, si ule wa mchuzi. Unakaushwa, unasagwa, unameza kadogo sana hata hukasikii, siku moja ndiyo, siku mbili hapana. "Maikrodozi," anaita. Kitu cha shamba, hakina kemikali.

"Si wewe ulitulea kwa majani, Mum?"

Ni kweli! Watoto watano, muarobaini kwa kila kitu. Nusu ya moyo wangu ikasema, afadhali uyoga wa Mungu kuliko vidonge vya kiwandani. Nikauliza unauzwa duka gani.

"Hauuzwi dukani, Mum, ukizidi unalevya, umepigwa marufuku. Kuna mtu ataleta Jumapili ijayo."

Mtu! Katika nchi hii! Hapa mtu huletewa pilau, haletewi uyoga. Wakimshika nao, atakuwa injinia wa jela.

Jumanne, 14 Januari

Nimemuuliza madam. Sikusema ni Elkanah. Nimesema ni binamu.

Asubuhi nilimpelekea sinia yake kama kawaida: kahawa, tende tatu, kile kidonge cheupe. Nikamuuliza kama anajua dawa za watu wenye huzuni. Akashika kidonge kwa vidole viwili. "Damaris, hiki unafikiri ni nini?"

Vitamini, nikasema.

"Mafi, si vitamini. Miaka minne."

Miaka minne nimempelekea mwanamke dawa ya huzuni kwa mkono wangu, na kwa Achieng nikimsifia madam wangu kwamba ana moyo wa chuma!

Tuliketi. Hajawahi kuniketisha kitandani kwake. Ati wiki mbili za mwanzo alitapika na kulia kuliko kabla, akataka kuvitupa. Daktari akambadilishia. Cha pili kikamnenepesha – na hapo akanitazama kana kwamba ni chapati zangu. Ikachukua kama miezi miwili ndiyo akaanza kuona chakula kina ladha. "Si furaha, Damaris. Ni kama mtu amepunguza sauti ya redio." Na ati mtu asivitupe siku moja kwa hasira yake, anapunguza na daktari.

Kuhusu uyoga hakucheka. Alisema halas, yatosha, huyo binamu yako mtoe kwenye jambo hilo kabla ya mtu kufika.

Halafu: "Elkanah anaendeleaje?"

Mwanamke huyu ana macho kisogoni. Alhamisi anaenda kwa dada yake mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Ninaenda naye.

Alhamisi, 16 Januari. Riyadh

Madam ameendesha mwenyewe, mwendo wa saa kumi na nusu. Abel, dereva wetu, ameketi nyuma na mkanda, akikanyaga breki isiyokuwepo. "Mama Elkanah, zamani nilikuwa dereva. Siku hizi ni mzigo." Baridi hapa! Nimevaa soksi za madam.

Ijumaa, 17 Januari

Nimefika kwa Elkanah na chapati ishirini. Amenikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kwenye meza, boksi la dawa bado lina plastiki yake.

Dancan nilikuja nikiwa na hasira naye, nimekuta kijana mpole, amepiga pasi hata fulana. Akanieleza vizuri. Ati ng'ambo wataalamu wanaupima uyoga huo, wagonjwa wengine wamepona. Nikamuuliza, hao wanapimia wapi?

"Hospitalini, auntie."

Kwa kitu gani?

"Kwa mzani maalumu. Na daktari anakaa na mgonjwa hapo hapo."

Na huyu wenu wa Jumapili ana mzani?

Akasema hana. Nikamuuliza, wewe mwenyewe umeuonja?

"Bado, auntie. Nilikuwa nangoja Elkanah aanze."

Nimecheka mpaka Elkanah naye akacheka! Nikajiona nimeshinda. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikamfungulia boksi nikasema, meza baba, mtoto wangu hawezi kuwa mgonjwa wa kichwa, ni uchovu tu, mtu wa namba moja kama wewe.

Akaliweka boksi mbali nami.

"Na muarobaini wako, Mum, ulikuwa unaupima kwa mzani?"

Nikasema ukweli. Kwa jicho. Na dada yake Keziah alitapika siku mbili, nikawaambia majirani ni nyoka wa tumboni wanatoka.

Hakucheka. "Mum, kila mtu kanisani anajua mimi ni namba moja. Mpaka ugonjwa umeupeleka kwenye kikundi nikapewa hongera. Nikimeza hivi vidonge, nitakuwa namba ngapi?"

Mimi, ambaye mazishini huwa nanyamazishwa kwa kengele nikihutubia, nikaanza kuzihesabu chapati.

Jumamosi, 18 Januari

Sijaandika kitu kwenye kikundi. Nekesa ameuliza kama ninaumwa.

Elkanah amesema kesho saa nne ana nafasi kwa daktari. Atamuuliza maswali yake yote: gogo, ofisi, unene, hata uyoga atauliza wazi. Mtu wa uyoga naye amesema kesho. Nikamuuliza utaenda wapi? "Sijaamua, Mum. Usinisukume."

Madam amenipa ruhusa kesho mpaka jioni. Amesema nifunge mdomo. Ati mama yake hakufunga.

Jumapili, 19 Januari

Niko ndani ya gari la Elkanah, Olaya, mbele ya kliniki. Saa nne kasoro kumi na mbili. Hajazima injini.

Naandika ili mdomo uwe na kazi. Nikiacha kalamu nitaongea, na nikiongea nitamsifu, na nikimsifu atang'oa gari.

Watu wanaingia. Mmoja amevaa suti, anatembea haraka kama mtu anayeenda benki. Mwingine ni msichana na mama yake. Mama yake anaongea. Anaongea tu! Nimetamani kushusha kioo nimwambie.

Simu imeita. Namba haina jina. Ameitazama mpaka ikanyamaza. Sijauliza.

Kasoro saba.

"Mum, unaandika nini?"

Nikasema naandika kwamba kuna jua.

"Andika pia kwamba naogopa."

Nimeandika. Elkanah anaogopa. Sijaongeza kitu.

Simu inaita tena. Amezima injini. Simu bado iko mkononi, inaita, na mkono mwingine ameuweka kwenye mlango wa gari, upande wa kliniki.