Ngawa wa Kila Alhamisi

Ghania,

Ukitoka skuli mpe bibi yako uji, utie sukari kidogo tu. ~~Kisha mchinje jogoo.~~ Usichinje kuku yeyote. Dagaa wamo kabatini.

Mimi nakwenda Chake, benki. Asubuhi nilikwenda kwa wakala kutoa pesa ya unga, nikaambiwa akaunti imefungwa. Nikampigia yule bwana wa benki anayesimamia mkataba wetu wa kulipa deni la duka kidogo kidogo. Kasema kuna pesa zinaingia ambazo sikuzieleza, na mimi nilisaini kuwa kila kinachoingia nitasema kimetoka wapi. Pesa gani tena? Nikamwomba anisomee. Elfu ishirini, kwa wakala wa Konde, kila Alhamisi, mara sita.

Nikakaa jikoni najiuliza nani ananifanyia hisani kwa siri. Dada yangu? Hana kitu. Kisha nikaenda bandani kuwahesabu kuku. Wamebaki wanane. Sita uliniambia wameliwa na ngawa, na mimi sikuwahi kuona hata unyoya.

Uongo wako umeniuma kidogo. Benki nitawaeleza, watafungua, usiwe na hofu. Ila nina hamu ya kujua yule kuku mwenye mguu mbovu ulimuuzaje elfu ishirini.

Ngawa nimeshamjua. Mwambie Alhamisi hii asimguse yule mwekundu, analalia mayai.

Mama yako