Komunike ya Yaya Faustin

Mujukuu wangu Neema,

Salamu toka Bunia. Siye tuko, na shangazi yako amezaa mutoto mwanamuke. Unaniuliza sababu gani ninazima redio wakati wa komunike, yale matangazo ya watu kutafutana.

Wakati wa vita, yaya yangu Faustin, kaka yangu mukubwa, alikimbia, hatukujua wapi. Kila siku mama alisikiliza komunike, akingoja jina lake. Siku tulitoka kumuzika mama, tukiwa bado kwenye kilio, redio ikasoma: “Faustin iko muzima, iko Aru. Anaomba mama yake asilie tena.”

Hapo nilijua habari njema nayo inaweza kuumiza mutu.

Baba alienda ku redio kutuma jibu. Mutu wa redio akamuuliza, “Muzee, niandike nini?”

Baba akamujibu: “Andika tu: ‘Tumesikia.’”

Ni miye Tate yako