Fundo Lililoachia Mapema

Jumatatu, 4 Machi

Mimba ya tatu ya dada imetoka. Wiki ya tisa. Simu imenikuta maabara, jicho kwenye hadubini, nahesabu kromosomu za mayai ya panya. Nikaendelea kuhesabu! Sijui kwa nini.

Jioni, hospitali. Mama mkwe wake anaongea wodi nzima isikie — eti dada aliuchezea ujana, mimba alizotoa ndizo zinazomtesa. Uongo mtupu! Dada kageukia ukuta. Shemeji anachezea funguo za gari.

Jumatano, 6 Machi

Majibu ya vipimo yametoka. Daktari anasema mimba ilikuwa na kromosomu moja ya ziada. Si laana, si uhuni. Na mimi miaka sita nasoma hicho hicho! Ndani ya yai kromosomu hukaa zimefungwa pamoja, na kuna protini inayolinda fundo lisikatwe kabla ya wakati. Umri ukisogea, walinzi wanapungua. Fundo linaachia mapema, yai linabaki na moja zaidi. Basi!

Nimemweleza shemeji kwenye korido. Akasema hayo ni ya vitabuni, mama akishasema amesema. Nusura nimzabe kibao.

Ijumaa, 8 Machi

Mayai ya panya wazee: walinzi karibu hakuna. Nimevunja slaidi mbili za kioo. Hasira tupu.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa dada na karatasi na kalamu. Nimemkalisha mama mkwe, nikamchorea yote — mafundo, walinzi, yai. Kasikiliza. Kweli kasikiliza! Hata kuuliza kauliza.

“Kwa hiyo ni umri?”

“Ni umri, mama. Hana kosa.”

“Sasa alikuwa wapi mpaka anafika arobaini? Wenzake wote walishaolewa.”

Alikuwa wapi!

Alikuwa na mimi. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka minane. Wachumba wawili walikuja, wote hawakutaka mke mwenye mtoto wa kulea. Mtoto huyo mimi. Dada akawarudisha. Akangoja nimalize shule, akangoja nimalize chuo. Miaka yote hii najua, na leo ndiyo mara ya kwanza nahesabu.

Nikafungua mdomo. Dada akanibana mkono chini ya meza: “Usijibu, mdogo wangu.”

Nimejifungia bafuni, naandikia magotini. Mchoro wangu uko mezani, mama mkwe anamwonyesha shemeji, namsikia — umri, umri. Nimempa fimbo mwenyewe!

Dada anagonga mlango. Anauliza kama naumwa. Yeye ananiuliza mimi!