Kufuli la Chumba Chako Limo Kwenye Besi

Yaya, kaka yangu mkubwa, wewe uliye Uvira,

Ujumbe wako umefika. Mama Zawadi wa vitenge ameuleta: "Yaya wako anasema umutumie besi. Amesikia imepona." Imepona! Kama mafua vile. Haikupona, Yaya. Niliitengeneza mimi, hapa mtaani Jabe, na leo nakuambia ilikuwa inaumwa nini.

Unakumbuka wakati wa vikwazo vya biashara, nyuzi za gitaa hazipatikani mjini? Ulichomoa waya ya breki kwenye baiskeli ya baba, ukaifunga kwenye gitaa letu la besi mahali pa uzi mwembamba, ukazunguka mtaa mzima ukijisifu. Hata mimi nilikusifu, sikatai. Tulicheka mpaka mama akauliza, "Na baba yenu, kwenye muteremko atasimama na nini?"

Nyuzi za kweli zilipokuja, ukanipa besi, wewe ukabaki kuimba. Uzi ule mwembamba ukaanza kukwaruza, zzz, kama nzi ndani ya chupa. Ukasema vidole vyangu vilegevu. Ukainua nyuzi mbali na shingo ya gitaa, ukainua tena, mpaka vidole vikachanika, na nzi bado yumo.

Halafu ile harusi ya Buyenzi. Ilifanywa mchana, maana ni vita, usiku hakuna kutoka, kwa hiyo kila mtu aliona. Ulisimamisha bendi yetu katikati ya wimbo, ukashika maikrofoni: "Mutusamehe wakubwa, mutoto angali anajifunza." Wakacheka. Mjomba wa bibi harusi akapaza sauti, "Apana, mumupe viti abebe!" Na kweli, ukaninyang'anya besi, nikabeba viti. Ukaipiga wewe, ikakwaruza vilevile, nawe ukazidi kuimba kwa nguvu. Ulisikia, Yaya. Najua ulisikia.

Risasi ziliposogea karibu na mtaa, ukavuka mpaka wa Gatumba bila kuniaga. Besi ukaiacha, chumba chako ukakipiga kufuli. Ulimfungia nani? Aliyebaki ni mimi.

Nikakaa na ile besi. Kama kosa lingekuwa vidole, uzi ungekwaruza pahali pamoja, pahali pengine ungenyamaza. Huu ulikwaruza kila pahali. Nikabonyeza kwa kidole gumba kule mwisho nyuzi zinapofungwa, kwenye daraja, juu ya kile kichuma kinachobeba uzi. Kimya. Nikaachia: zzz. Nikafungua. Waya yako ya breki ilikuwa imekila kile kichuma, imechimba mfereji wa milimita mbili, na uzi wenyewe ni milimita moja na kitu. Ulikuwa unacheza humo kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.

Kichuma kipya hakuna dukani. Shaba nzuri nyumbani ilikuwa moja tu: kufuli lako. Nikalikata kwa msumeno, nikasugua kipande kwa tupa, nikachonga mfereji unaoubana uzi sawasawa. Nyuzi nikazishusha. Jumamosi nimepiga harusi nzima, na viti wamebeba wengine.

Besi haivuki Gatumba. Ukiitaka, uje mwenyewe. Utashika maikrofoni ileile, mbele ya watu walewale, useme ilikuwa waya yako. Kulala usiogope: mlango wa chumba chako unasukuma tu, unaingia. Nimekifagia. Usidhani ni kwa sababu nimekusamehe.

Mdogo wako,
mpiga besi