Mgombea Aliyeomba Kula

Jumapili, Oktoba 2006, Missouri City

Eti "naomba kula zenu." Kanisa letu zima la wahamiaji likaangua kicheko. Yule mgombea wa bunge la jimbo, mgeni wa Kiswahili, naye akacheka, hajui amesema nini.

Nikasimama. "Kijana, kula utapata, pilau ipo. Kura ngoja kwanza. Mimi niende kliniki kwa basi gani?"

Mjukuu wangu Wanjiru akamtafsiria, haya imemjaa. Jibu? Eti anathamini familia. Nani haithamini yake? Habari ya basi hakuitaja.

Binti yangu akitoka zamu ya usiku hapati kulala, ananipeleka kliniki yeye. Siku moja atasinzia kwenye usukani na... Hilo ndilo naogopa.

Mgombea atarudi Jumapili ijayo. Nitakaa benchi la mbele. Asiponiambia habari ya basi, pilau atakula, kura yangu hataionja.